Nani Alikuwa Akilala Hapa?

Kuna maswali yanayoonekana ni ya pesa tu, lakini ukiyakuna kidogo unapata ni ya maadili. "Nilale wapi usiku mmoja kabla ya kupanda meli?" ni moja yao. Ukilisikia haraka unadhani ni swali la watu wenye hela zao: mstaafu kutoka Marekani au Uingereza, masanduku mawili, tiketi ya meli ya kitalii itakayozunguka Mediterania siku saba, na usiku mmoja wa kupitisha Barcelona. Anataka kujua mambo matatu: bei, umbali hadi bandarini, na kama mtaa una kelele. Mimi naona kuna jambo la nne, na ndilo ninalotaka tulizungumze: chumba hicho, kabla yeye hajafika, nani alikuwa akilala ndani yake?

Swali lenyewe nalijua kwa sababu ndilo linaloninunulia unga. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikarudi Kiambere, huku Mbeere, Kaunti ya Embu, na tangu hapo naandikia watu wa mbali. Mteja anatuma kichwa cha makala, idadi ya maneno na bei. Mimi natuma makala. Jina langu haliwekwi popote. Kuna vijana wengi Kenya wanaoishi hivi, na kama unasoma hapa labda wewe ni mmoja wao, au una rafiki anayekuambia "niko na kazi ya usiku" na yuko sebuleni kwao. Nje boda boda inapakia muguka wa kwenda sokoni, mbuzi wa jirani wako kwenye ua wetu tena, na mimi nimezama katika ramani ya Barcelona, natafuta kituo cha basi kilicho karibu na sanamu ya Columbus.

Tuanze na mambo ya kawaida, maana maadili yasiyojua ratiba ya basi hayamsaidii mtu. Kwa nini msafiri alale mjini usiku mmoja? Kwa sababu ndege huchelewa na meli haisubiri. Ndege yako ikikwama London siku ya safari, meli itaondoka na kitanda chako kikiwa kitupu, na utaifuata bandari inayofuata kwa gharama yako. Kwa hivyo mtu mwenye akili anafika siku moja kabla. Meli kubwa nyingi hutia nanga Moll Adossat, gati refu lililo ng'ambo ya daraja, mahali ambapo huwezi kuvuta masanduku kwa miguu kwa raha. Kuna basi la bandari linalotoka pale chini ya La Rambla, karibu na Columbus. Kwa hiyo kila mtu anataka kulala karibu na hapo: mtaa wa Gòtic, El Raval, au Barceloneta ulio ufukweni.

Hapo sasa ndipo jambo la nne linapoingia. Barceloneta ulipangwa karne ya 18, na kwa muda mrefu ulikuwa mtaa wa wavuvi na watu wa bandari. Nyumba zake nyingi ziligawanywa vipande vipande, hata fleti moja ikawa na takriban mita za mraba 30 hadi 35. Ni kama bedsita ya Pipeline, tofauti ni kwamba dirisha linatazama bahari. Fleti ndogo, karibu na maji, karibu na meli: kwa mtalii wa usiku mmoja hakuna kinachofaa zaidi. Na kwa mwenye nyumba hakuna hesabu iliyo rahisi zaidi. Mpangaji wa mwaka mzima analipa mara moja kwa mwezi. Mgeni analipa kila usiku.

Matokeo yameandikwa sana. Agosti 2014 wakazi wa Barceloneta waliandamana kupinga fleti za watalii. Juni 2024 meya wa Barcelona, Jaume Collboni, alisema kodi za nyumba mjini humo zimepanda kwa asilimia 68 katika miaka 10, akatangaza kwamba kufikia Novemba 2028 jiji halitaongeza muda wa leseni za fleti 10,101 za kukodisha watalii. Mwezi uliofuata waandamanaji wakawanyunyizia watalii maji kwa bastola za watoto, picha zikazunguka dunia nzima, hata kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, watu wakacheka. Julai 2025 jiji na bandari wakakubaliana kupunguza vituo vya meli za kitalii kutoka 7 hadi 5 ifikapo 2030. Mwaka 2024 zaidi ya abiria milioni 3.6 wa meli hizo walipita katika bandari ya jiji lenye wakazi kama milioni 1.7.

Najua utakachosema, kwa sababu na mimi nilikisema. Huyu mstaafu mmoja, na masanduku yake mawili, amefanya nini? Analala usiku mmoja. Akilala pengine, kodi ya Barceloneta haitashuka hata senti. Fleti itachukuliwa na mwingine dakika hiyo hiyo. Ikiwa kulala kwake hakubadilishi chochote, vipi kuwe ni kosa, au hata ni jambo la kufikiria?

Hili ni swali la zamani na si la watalii peke yao. Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit alilishughulikia katika kitabu chake cha mwaka 1984, *Reasons and Persons*. Alituomba tuwaze majeruhi wengi jangwani wenye kiu kali, na watu wengi wengine, kila mmoja akiwa na chupa ndogo ya maji. Maji yote yanamwagwa katika tangi moja, kisha yanagawiwa majeruhi wote sawasawa. Maji ya mtu mmoja yakigawanywa hivyo, kila majeruhi anapata tone asiloweza hata kulihisi. Basi je, aliyemwaga chupa yake hakusaidia mtu? Parfit alikataa. Tunakosea, alisema, tukidhani kwamba kitendo hakina uzito kwa sababu tu athari yake kwa kila mtu ni ndogo mno kuhisiwa. Lazima tuulize pia tunafanya nini sote pamoja. Na hoja hiyo inakata pande zote mbili: kama matone ya wema yana uzito, matone ya madhara nayo yana uzito.

Wahenga wetu walifika hapo bila jangwa wala tangi: haba na haba hujaza kibaba. Kawaida tunaisema methali hii kuhusu kuweka akiba. Lakini kibaba hakiulizi kinajazwa nini.

Sisi wa Kiambere hatuhitaji kuwaza tangi. Tuna bwawa. Ni la tano katika yale ya Seven Forks kwenye Mto Tana, la chini kabisa baada ya Masinga, Kamburu, Gitaru na Kindaruma, na lilianza kutoa umeme mwaka 1988. Mwanzoni lilikuwa la megawati 144, sasa ni 168. Kabla ya maji kupanda, palikuwa na mashamba ya kando ya mto, na shosho yangu alikuwa na moja: mtama, ndengu, miembe. Watu walikuja na vitabu vyao, wakahesabu miembe, wakaandika. Alipewa pesa mkononi, akaambiwa atafute pengine. Kisha maji yakaja. Hayakuja kama mafuriko ya habari za saa tatu. Yalipanda taratibu, kama uji kwenye sufuria, siku baada ya siku, hadi siku moja mwembe ukawa unaonekana kilele tu.

Sasa niambie ni tone gani lililozamisha shamba la shosho? Tone lililoanguka Nyandarua halikujua kuna mwembe Kiambere. Tone la Mlima Kenya vilevile. Ukiyachukua moja moja, yote hayana hatia. Ukiyaweka pamoja, hakuna shamba.

Lakini tusiikimbilie picha hii kama jibu, maana ina shimo. Tone halichagui. Linaanguka palipo na mvua, linafuata mteremko. Mtu aliyeketi na simu akiweka alama kwenye vichujio, "karibu na bandari", "fleti nzima", "bei ya chini kwanza", anachagua. Hapo ndipo ninapoona wajibu unapoanza. Msafiri hawezi kulaumiwa kwa kodi yote ya Barceloneta, na anayesema hivyo anampa mtu mmoja mzigo wa mji mzima. Anachoweza kuulizwa ni hiki tu: ulikuwa na vitanda viwili mbele yako, kimoja kilichowekwa pale kwa ajili ya wageni na kingine kilichopatikana kwa kumtoa mwenyeji. Ulikuwa na njia ya kuvitofautisha. Ulichukua kipi?

Kuna upande wa pili, na ni wa kweli. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Pesa ya mgeni inalisha mpishi, dereva, muuza maji, na yule anayetandika kitanda. Nani amewahi kusikia mtu wa Watamu akiomba watalii wasije? Tulipofunga mipaka mwaka 2020 kwa sababu ya Korona, pwani yetu ilionja njaa ya hoteli tupu. Kwa hivyo nikisikia mtu akisema suluhisho ni watu kukaa kwao, namuuliza kama amewahi kuishi mahali pasipo na mgeni. Huku kwetu mgeni wa mwisho aliyelala alikuwa mtu wa sensa.

Lakini sikiliza methali yenyewe vizuri. Inasema mwenyeji apone. Haisemi mwenye leseni apone, wala mwekezaji aliye mji mwingine. Wanawake wanaosafisha vyumba vya hoteli Hispania wana chama chao, Las Kellys, na hawakukiunda kudai watalii wafukuzwe. Walikiunda kudai walipwe vizuri na mgongo usiwaishe kabla ya uzee. Hao ndio wenyeji wa kweli katika methali yetu. Mgeni akija na wao wasipone, basi methali haijatimia, hata kama hoteli imejaa.

Na kuna ile methali nyingine ambayo watu huisema wakicheka: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wanaichukulia kuwa ni ya kumfukuza mgeni kwa adabu. Mimi naiona kinyume. Jembe ni kukaribishwa zaidi. Ukipewa jembe umehesabiwa, shamba ni lako kidogo, taabu ya nyumba ni yako pia. Tatizo la mgeni wa kabla ya meli ni kwamba haifiki siku ya tatu kamwe. Yeye anaondoka asubuhi, anakuja mwingine, na mwingine, kila mmoja yuko katika siku yake ya kwanza. Mtaa mzima unaweza kuishi miaka 10 na wageni wa siku ya kwanza, na jembe limeegemea ukuta hakuna wa kulishika.

Miji inajaribu kuligeuza jembe kuwa pesa. Barcelona inatoza kodi ya utalii kwa kila usiku. Venice, iliyozuia meli kubwa kupita mfereji wa Giudecca tangu Agosti 2021, ilianza Aprili 2024 kutoza yuro 5 kwa wanaoingia kwa siku moja katika siku fulani zenye msongamano. Wanaolala mjini hawalipi hiyo, kwa kuwa wanalipa kodi yao ya kulala. Ni hatua, sikatai. Lakini jembe la pesa lina kasoro: mwenye nacho analilipa bila kuinama.

Immanuel Kant aliandika mwaka 1795 kwamba mgeni ana haki ya kuzuru nchi ya watu bila kutendewa kama adui, kwa kuwa dunia ni ya mviringo na hatuwezi kutawanyika milele bila kukutana. Lakini akatenganisha haki hiyo ya kuzuru na haki ya kuwa mgeni wa nyumbani. Hiyo ya pili, alisema, inahitaji mapatano ya pekee na mwenyeji. Fleti ya kukodi kwa programu ya simu imezichanganya hizo mbili. Unaingia chumba cha kulala cha mtaa wa watu, na mapatano umeyafanya na mtu usiyemwona, ambaye huenda hakai huko. Aliyepaswa kuulizwa, jirani wa ukuta wa pili mwenye mtoto wa kuamka saa kumi na mbili, hakuulizwa.

Halafu kuna wale wasiochagua kabisa. Nina jamaa wa Mombasa anayefanya kazi kwenye meli za kitalii, sehemu ya dobi. Naye amelala usiku mmoja Barcelona kabla ya kupanda meli, usiku uleule wa mstaafu wetu. Lakini hoteli ilichaguliwa na wakala wa meli, karibu na uwanja wa ndege, akachukuliwa na gari alfajiri. Nilimuuliza mji ukoje, akanijibu, "Bro, niliona barabara." Na Mkenya akitaka kwenda kama mtalii, swali la pa kulala linamjia miezi kabla: huombi viza ya Schengen bila kuonyesha utakapolala, na ada yake, yuro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi ukikataliwa. Yaani mimi nitathibitisha kitanda kabla sijaruhusiwa kusinzia. Mwenye pasipoti nyingine anachagua jioni, akiwa kwenye foleni ya mizigo. Kwa hivyo uchaguzi ninaouzungumzia ni mali. Aliye nao ana kitu ambacho shosho hakupewa na baharia hapewi. Ndiyo maana naona si kumwonea tukimuuliza anautumiaje.

Na mimi je, mtu ambaye hajavuka hata Namanga, nina haki gani ya kumwambia mtu alale wapi Barcelona? Swali hili ni la haki na nimekaa nalo. Jibu langu ni kwamba ushauri una sehemu mbili. Kuna sehemu ya macho: godoro likoje, kelele zikoje, kifungua kinywa kikoje. Hiyo sina, na siiandiki kana kwamba ninayo. Mteja mmoja alitaka niongeze maneno "tulipolala hapa". Nilikataa, nikamtumia yale yanayoweza kuthibitishwa, na kazi ya wiki iliyofuata ikaenda kwa mwingine. Dola 25 zilikuwa zinaniuma, sitajifanya shujaa. Lakini kuna sehemu ya pili ya ushauri, ya kujua mambo yanavyoonekana kutoka kwa aliyehamishwa, na hiyo nimelelewa nayo. Nimekula ugali miaka yote na mtu anayeweza kukuonyesha kwa kidole, katikati ya maji, mahali jiko lake lilipokuwa.

Na kabla hujadhani najiweka upande wa wasafi, angalia kompyuta yangu. Inawaka kwa stima. Stima ya Kiambere inaingia kwenye gridi ya taifa na kusambaa, na yako ya Nairobi, unayochajia simu ukisoma haya, ina tone lake humo. Sote tumelala kidogo juu ya shamba la shosho. Sisemi tuzime taa. Yeye mwenyewe anapenda taa. Anachokasirikia hadi leo si bwawa. Ni kwamba hakuna aliyemuuliza angependa kwenda wapi.

Basi ninachoandika kwa wasafiri wangu ni kifupi. Fika siku moja kabla, mbili ukiweza. Lala hotelini, hosteli au kwenye nyumba ya wageni iliyojengwa kwa kazi hiyo, hata ikiwa ni vituo vitatu vya treni kutoka bandarini. Ukilazimika kuchukua fleti, tafuta nambari yake ya usajili, ile inayoanza na HUTB, na ikikosekana usilipe. Kula mahali wenyeji wanapokula, ukiongea kwa sauti yao. Mwachie anayetandika kitanda kitu mkononi. Hakuna hata moja kati ya haya litakaloshusha kodi ya Barceloneta kesho. Ni tone, na tayari tumeona tone si bure.

Wewe labda hutapanda meli ya Mediterania mwaka huu. Lakini Disemba utaingia SGR na mbogi, mkigawana gharama ya nyumba ya Diani yenye bwawa la kuogelea, au mtachukua Airbnb ya wikendi Kilimani kwa ajili ya bathidei. Mkiwa mnachagua, mtaangalia bei, umbali na kelele, kama kila mtu. Ongezeni tu la nne. Muulizeni anayewapa funguo nyumba hii ilikuwa ya nani, na siku hizi anakaa wapi. Mara nyingi atakuwa na jibu zuri: aliijenga mwenyewe kwa kazi hii, yuko pale nyuma, mnaweza kumsalimia. Basi nendeni mkamsalimie. Na mkikuta hajui, au anabadilisha mada, mtakuwa bado na muda wa kutafuta kitanda kingine. Shosho hakuwa nao.